Niliyemwandika Alilala Kitanda cha Juu

Kosa langu la kwanza katika uandishi wa habari lilikuwa la herufi moja. Nilikuwa na miaka 16, nimefika kwenye warsha ya wiki mbili wakati wa likizo ndefu, begi hata sijalifungua, na zoezi la kwanza likatukuta papo hapo: mkae wawiliwawili, kila mmoja amhoji mwenzake kwa dakika kumi, kisha aandike maneno 200. Mwenzangu alikuwa binti mfupi mwenye miwani, mwenye miaka 14, mdogo kuliko wote mle ndani, na aliyesafiri kutoka mbali kuliko wote. Yashikeni hayo mawili, udogo wake na umbali wa kwao, maana ndiyo yaliyokuja kuniumbua.

Niliandika kwa mbwembwe. Nikasema ni "msichana mwenye ndoto kubwa na macho yanayong'aa". Mhariri aliyekuwa akituongoza, mama aliyestaafu baada ya miaka mingi kwenye chumba cha habari, aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama. Akafuta "ndoto kubwa". Akafuta "yanayong'aa". Halafu akamgeukia yule binti, akamwomba ataje jina lake herufi kwa herufi. Lilikuwa na h ambayo mimi sikuiandika. Mhariri akaandika sifuri juu ya karatasi yangu, kisha akaizungushia duara, kana kwamba sifuri yenyewe haikuwa duara la kutosha.

"Lakini Mwalimu, mengine yote ni sahihi," nikasema.

"Nitajuaje?" akanijibu. "Mtu ambaye hakuuliza jina linaandikwaje, aliuliza nini kingine?"

Nilimwona mkatili. Baadaye nimekuja kujua kwamba walimu wengi wa uandishi hufanya hivyohivyo: jina likikosewa, kazi nzima imeanguka. Watu wengi hutajwa gazetini mara moja au mbili tu katika maisha yao. Ukurasa ule wataukata, wataukunja, watauhifadhi, na kitu cha kwanza wanachokitafuta humo ni jina. Wakilikuta limeharibika, hiyo aya yako tamu ya nne hawaifikii.

Tulikuwa 24. Tulilala mabwenini, tukala pamoja, na kila usiku tukatoa gazeti la kurasa nne. Saa ya mwisho ya kukabidhi habari ilikuwa saa 3 usiku, na haikusogezwa hata siku moja. Kurasa zilibandikwa kwa pini kwenye ubao uliokuwa mlangoni mwa bwalo, nakala nyingine zikawekwa mezani, ili kila mtu asome asubuhi akiwa kwenye foleni ya chakula. Ubao ule ndio uliotutofautisha na gazeti la kweli, ingawa mimi sikuling'amua hilo mapema. Mwandishi wa gazeti la kweli huandika, akaenda zake kulala, na aliyemwandika yuko mtaa mwingine au mji mwingine. Sisi tuliandikana, kisha tukagombania bafu lilelile.

Mhariri alikuwa na mkasi. Sisemi kwa mafumbo. Mkasi wa chuma, wa mpini mweusi, aliouning'iniza kwenye ukosi wa koti lake. Ulipomaliza habari yako aliichapa kwenye karatasi, akakata aya ya mwisho, akaiacha ianguke sakafuni, akauliza: "Habari imekufa?" Kama haikufa alikata nyingine. Hivyo ndivyo alivyotufundisha piramidi iliyopinduliwa, kwamba lililo zito linakaa juu, kwa sababu nafasi ikipungua ukurasani mhariri hukata kuanzia chini, tena bila kukuuliza. Ukificha jambo lako zuri mwishoni, umelilaza njiani. Wavulana walikuwa wakiziokota zile aya kutoka sakafuni na kuzibandika kwenye ukuta wa bweni lao, chini ya bango waliloandika MAKABURINI. Zangu zilikuwa nyingi. Nilipenda sana miisho.

Kuhusu haraka alitusimulia kisa cha Chicago Tribune. Mwaka 1948 wapiga chapa walikuwa wamegoma, gazeti likalazimika kufunga kurasa mapema kuliko kawaida huku kura za urais wa Marekani zikiwa bado zinahesabiwa, na likatoka na kichwa cha habari kwa herufi kubwa kwamba Dewey amemshinda Truman. Aliyeshinda ni Truman. Picha iliyobaki ya kisa hicho ni yake yeye, ameliinua gazeti lile juu, meno yote nje. Tulicheka hadi tukasahau kuandika. Mhariri akatungoja tunyamaze. "Ukurasa mtupu una njaa," akasema. "Unakula chochote utakachoupa." Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu, nikalipigia mstari, na siku tatu baadaye nikalivunja kana kwamba sijawahi kulisikia.

Kabla ya hapo lakini nisimulie kuhusu ukimya, kwa sababu huo ndio ujuzi niliojivunia zaidi na ndio ulionifikisha nilikofika.

Siku ya pili tulitumwa kuhoji watu wazima wanaofanya kazi pale: mlinzi, wahudumu wa jikoni, mtunza bustani, mama wa maktaba. Mimi niliangukiwa na mtunza bustani. Nilikuwa na maswali 15 yaliyopangwa kwa namba. Nilimuuliza la kwanza, kama anaipenda kazi yake. Akasema, "Kazi ni nzuri." Nikamuuliza la pili, akasema ndiyo. La tatu, hapana. Nilimaliza maswali yote 15 kwa dakika nne, nikarudi na nusu ukurasa wa ndiyo na hapana.

Mhariri alinirudisha kulekule. Aliniambia nimuulize swali moja tu, lisilojibika kwa ndiyo wala hapana, kisha akinyamaza nihesabu kimoyomoyo moja hadi tano kabla sijafungua mdomo. Tano ni nyingi sana, jaribuni. Mkiwa mmekaa mnatazamana, ukifika tatu masikio yanaanza kukuwasha. Nilimuuliza ni siku gani aliwahi kutaka kuiacha kazi ile. Akasema, "Zipo." Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Kabla ya tano akaegemeza jembe ukutani, akaanza kunieleza kuhusu mti mkubwa uliokatwa kupisha maegesho ya magari, mti alioupanda mwenyewe mwaka alioanza kazi, na jinsi alivyoomba likizo siku hiyo ili asiisikie sauti ya msumeno. Habari ile ilikwenda ukurasa wa mbele. Niliringa siku mbili nzima.

Watu huogopa ukimya, na wengi wataujaza kwa chochote walichonacho karibu. Ukishalijua hilo una silaha mkononi. Hakuna aliyetuambia kwamba silaha hiyo inafanya kazi hata gizani, hata kwa rafiki.

Yule binti wa miwani ndiye aliyepangwa nami chumba. Yeye kitanda cha juu, mimi cha chini. Usiku wa tatu, taa zimezimwa, aliniuliza kama nimewapigia simu nyumbani. Nikamwambia nimepiga, na wewe je? Akasema hapana. Sikusema kitu. Naapa kwamba sikuhesabu kwa makusudi, lakini ulimi ulikuwa umeshazoea kutulia. Na yeye, huko juu, akaanza kusema. Wazazi wake walikuwa wanaachana. Warsha hii ameletwa ili asiwepo wakati vitu vya nyumba vinagawanywa. Hata hajui atakaporudi atashukia nyumba ipi. Alikuwa na msemo aliopenda kuutumia kwa kila jambo, bwaloni, darasani, hata bafuni, akautumia na usiku ule: "Siri ya mtungi muulize kata. Na kwetu mimi ndiye kata." Akacheka kidogo. Kisha akalala, au akajifanya amelala.

Hakuniambia nisiandike. Nilikuja kuling'ang'ania hilo baadaye kama wakili. Lakini ni nani anayemwambia mtu wa kitanda cha chini, "haya usiyaandike"? Mimi nilikuwa na nguo za kulalia. Sikuwa na kalamu.

Siku ya nne ilikuwa ya somo la vyanzo visivyotajwa. Mhariri alianza na gazeti la Washington Post na kashfa ya Watergate, ile iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani: waandishi wawili, Bob Woodward na Carl Bernstein, walikuwa na mtu ndani ya serikali aliyewaelekeza tangu 1972, na hawakumtaja kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2005 yeye mwenyewe, Mark Felt, aliyekuwa mtu wa pili kwa cheo katika FBI, shirika la upelelezi la Marekani, alijitokeza akiwa na umri wa miaka 91. Halafu akatupeleka upande wa pili wa shilingi, na ni gazeti hilohilo. Mwaka 1980 mwandishi Janet Cooke aliandika kuhusu mtoto wa miaka minane anayedungwa heroini. Jina la mtoto lilihifadhiwa. Polisi walimsaka mji mzima wasimpate. Habari ikashinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari ya Marekani, mwaka 1981, na siku chache tu baada ya tuzo kutangazwa ikabainika kwamba mtoto huyo hakuwahi kuwepo. Tuzo ikarudishwa.

Kutoka hapo Mhariri alitupa kanuni mbili. Ya kwanza: ukimficha mtu kwa msomaji, usimfiche kwa mhariri wako. Ya pili ni swali ambalo angeliuliza kila mara: "Amekubali?" Makubaliano hufanyika kabla ya mtu kusema, akasisitiza, na lazima muelewane maneno. Maana wapo wanaosema "usinitaje" wakimaanisha liandike ila jina langu lisiwepo, na wapo wanaosema vilevile wakimaanisha lisitoke kabisa, liishie kwako.

Niliandika yote hayo. Daftari ninalo hadi leo, na mwandiko ni mzuri kweli.

Usiku uliofuata kulikuwa na ubishi mkali bwenini kuhusu picha aliyoipiga Kevin Carter, ile ya mtoto aliyeinama kwa njaa kusini mwa Sudan na tai ametua nyuma yake. Tulikuwa tumeoneshwa mchana. New York Times iliichapisha Machi 1993, mwaka uliofuata ikapata Pulitzer, na wasomaji waliuliza kwa wingi mtoto yule alipatwa na nini hata gazeti likalazimika kuchapisha maelezo kwamba haijulikani kama alifika kwenye kituo cha chakula. Wengine wetu walisema kazi ya mpiga picha ni kupiga picha, na bila picha ile dunia isingejua. Wengine wakasema kwanza ni mtu, kamera baadaye. Mimi nilikuwa upande wa kamera, tena kwa sauti ya juu. Mwenzangu wa kitanda cha juu alinyamaza karibu muda wote, kisha akasema kitu kimoja: "Aliyepiga aliondoka. Mtoto alibaki pale." Hakuna aliyemjibu, tukazima taa.

Siku ya sita nikapangiwa makala. Maneno 400 kuhusu jinsi washiriki wanavyokabili upweke wa kuwa mbali na nyumbani. Nilihoji watu sita. Wote walikuwa sawa. "Niko sawa tu." "Nimezoea." "Namkumbuka paka wetu." Niliuliza maswali mazuri, nikahesabu hadi tano, nikahesabu hadi kumi, wapi. Vijana wakiwa katikati ya wenzao mchana kweupe hawasemi kwamba wanalia usiku.

Saa 2 usiku nilikuwa na makala isiyo na mtu ndani yake. Ukurasa wa tatu ulikuwa na pengo lenye umbo la makala yangu. Nikaandika hivi, na ninayakumbuka maneno yote: "Kwa mshiriki mmoja wa miaka 14, aliyesafiri siku nzima kufika hapa na ambaye jina lake limehifadhiwa, nyumbani hakuna tena mahali pa kupakumbuka." Nikaendelea. Wazazi, vitu kugawanywa, nyumba ipi. Na kwa kuwa nilihitaji nukuu, nikaweka ile ya mtungi na kata.

Mhariri aliisoma mara mbili. Mkasi haukugusa kitu. Akaniangalia juu ya miwani yake.

"Amekubali?"

"Ndiyo."

Herufi tano, na sikukosea hata moja.

Asubuhi nilichelewa kuamka. Nilipofika bwaloni foleni ilikuwa ndefu, naye alikuwa mbele yangu kama watu wanne, ameshika sinia, bado hajafika kwenye ubao. Mvulana mmoja aliyekuwa akitoka, kijana mwema kabisa, alisimama akamgusa begani, akamwambia, "Pole kwa mambo ya nyumbani." Alimwambia kwa upole. Hakuwa na habari kwamba anafichua siri. Kwake ilikuwa imeshaandikwa ubaoni. Binti akamtazama bila kuelewa. Kisha akautazama ubao. Alisoma akiwa amesimama wima, midomo ikienda taratibu, foleni ikimpita pembeni. Alipomaliza aliirudisha sinia juu ya rundo la sinia safi, akailinganisha vizuri na nyingine, akatoka.

Hakunitazama. Ningependa kusema alinitazama.

Chanzo cha Woodward na Bernstein kilidumu gizani zaidi ya miaka 30. Changu kilijulikana kabla ya mlo wa asubuhi. Nilificha jina nikaacha kila kitu kingine hadharani: umri ambao alikuwa nao yeye peke yake, safari ambayo aliisafiri yeye peke yake, na msemo ambao kila mtu alikuwa ameshamsikia akiusema. Kila kipande kikiwa peke yake hakimtaji mtu. Viweke pamoja mbele ya watu wanaoishi naye, na hata kama ningemwandika kwa jina nisingemtaja zaidi ya vile.

Tangu siku ile nina kipimo changu, na huwapa vijana ninaokutana nao katika kazi hii. Ukimficha mtu, kabla hujakabidhi mpe habari yako mwenzako wa chumba cha habari anayepafahamu vizuri mahali unapopaandika, mtu anayejua kutunza siri, umuulize: unadhani ni nani huyu? Akitaja ndani ya dakika moja hujaficha kitu. Rudi ukaondoe umri, uondoe safari, uondoe ule msemo mtamu. Utauma kuuondoa. Uondoe tu.

Mhariri aliniita ofisini saa 4. Hakupandisha sauti. Aliniambia nimwoneshe ukurasa wa daftari wenye maneno ya yule binti. Nilifungua daftari, nikafunua kurasa kana kwamba ninatafuta, kurasa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Aliniacha nifunue hadi mwisho. Alikuwa anahesabu, nina hakika.

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna," akasema.

Nilitegemea atanirudisha nyumbani. Badala yake aliniuliza swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu zuri: tuchapishe nini kesho? Kila kosa tulilokuwa tumefanya mpaka siku hiyo lilikuwa limefuatiwa na masahihisho, pale chini ya ukurasa wa pili: jana tuliandika hivi, sahihi ni vile. Lakini nilichoandika kilikuwa kweli tupu. Unasahihishaje kweli? Na tukiomba radhi hadharani, si tutakuwa tunamnyooshea kidole mara ya pili? Tulikaa pale nusu saa. Mwishoni aliamua makala itolewe ubaoni, nakala zote zikusanywe, na pasibandikwe kitu mahali pake. Pini nne zilibaki zimeshika nafasi tupu hadi siku ya mwisho. Kwangu mimi aliamua nisiandike habari yoyote kwa siku nne, ila niandae orodha ya washiriki wote kwa ajili ya toleo la mwisho. Na kuhusu ile "ndiyo" alisema tu kwamba ndiyo ya kweli ndicho kitu pekee anachohitaji kwa mwandishi, kwa kuwa mengine yote anaweza kuyahariri.

Msamaha nilikwenda kuuomba mchana huohuo, nao ulikuwa mbovu. Nilimkuta ameketi kitandani kwake juu, miguu inaning'inia. Nilianza na "sikukusudia", nikaenda kwenye "nilidhani jina likifichwa". Aliniacha nimalize.

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

"Kwa hiyo jibu langu ulikuwa nalo."

Akapandisha miguu, akageukia ukutani.

Siku zilizofuata hatukusemezana. Kulala chini ya mtu usiyesemezana naye ni kazi. Unasikia kila anapogeuka. Unajua anapoamka kunywa maji, na unajua kwamba yeye naye anajua uko macho. Nilijaribu kuhesabu hadi tano, nikafika mia tano. Katika ukimya alikuwa amenizidi kwa mbali.

Ile orodha ilinisaidia kwa namna ambayo sikuitegemea. Niliwazungukia wenzangu wote 23 na daftari, nikimwomba kila mmoja alitaje jina lake herufi kwa herufi nami nikilisoma nilivyoliandika. Wawili walikuwa wameorodheshwa kwa majina wasiyoyatumia. Mmoja alikuwa na jina la tatu alilotaka liwemo kwa sababu ni la bibi yake. Mvulana mmoja aliniambia kwamba miaka yote shuleni jina lake limekuwa likiandikwa vibaya na ameshaacha kulalamika. Ulikuwa ni usaili wa dakika mbili, na nikaona watu wakilegea mabega, wakanisimulia mambo ambayo sikuwa nimewauliza. Nilimwambia kila mmoja, "Hayo siyaandiki, nimekuja kwa jina tu." Wa mwisho alikuwa yeye. Alinitajia herufi zake bila kuniangalia, na ilipofika ile h akatua, akaitamka peke yake.

Siku ya 11 ilikuwa ya wasifu: kila mtu amchague mshiriki mwenzake amwandike kwa maneno 300. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za bweni alipokuja, daftari mkononi, kalamu mbili.

"Ndugu mwandishi," akasema, "nina maswali."

Kabla ya yote alinisomea masharti, kama askari anavyomsomea mtu haki zake. Nitakachosema atakiandika. Kama kuna nisichotaka kiandikwe, nimwambie kabla sijakisema. Na jina langu atalitaja. Nikakubali. Nilidhani tutaongea dakika kumi, tukafika 40.

Sikuwahi kuhojiwa maishani. Nilikuwa nimeshawahoji watu labda 20 wakati huo, na sikuwa nimejua kwamba aliyekaa upande ule wa daftari hutokwa jasho viganjani, kwamba huangalia kalamu badala ya uso, kwamba kalamu ikisimama unajiuliza umesema nini cha kipuuzi, na ikikimbia unajiuliza umesema nini cha hatari. Nilijikuta nachagua maneno ya kunipamba. Aliyaacha yapite. Kisha akaniuliza kwa nini nilimwambia Mhariri ndiyo. Nikasema kwa sababu ya muda. Akanyamaza. Nikaona midomo yake ikienda kidogo sana: moja, mbili, tatu. Niliijua mbinu, tulifundishwa siku moja, darasa moja, na bado sikuweza kuistahimili. Nikamwambia niliogopa kwamba ukurasa ungebaki mtupu na kila mtu angejua kwamba ile habari ya mtunza bustani ilikuwa bahati tu.

Kalamu yake ikakimbia.

Alipofunga daftari nilimwomba anioneshe kabla hajaikabidhi. "Chanzo hakisomi habari kabla haijachapishwa," akasema. "Umeshasahau?" Alichokubali ni kunisomea nukuu zangu, moja moja, nithibitishe kwamba ndivyo nilivyosema. Ndivyo nilivyosema. Usiku ule nililala chini nikisikiliza kalamu ikikwaruza juu yangu, ikisimama, ikifuta, ikirudi.

Toleo la mwisho lilibandikwa asubuhi ya kuondoka. Wasifu wangu ulikuwa ukurasa wa tatu, mahali palepale. Nilisoma nikiwa nimesimama kwenye foleni, watu wakinipita. Hakukuwa na ndoto kubwa wala macho yanayong'aa. Alikuwa ameandika nilichofanya, nilichosema nilipoulizwa, na sababu niliyoitoa, katika mpangilio huo. Ilikuwa sawa yote. Jina langu lina irabu mbili zinazofuatana ambazo karibu kila mtu huzifanya moja. Alikuwa ameziandika zote mbili.

Ila ilikuwa fupi. Niliihesabu, maneno 260 na kitu. Mkasi ulikuwa umepita. Nilikwenda kwenye ukuta wa wavulana, nikatafuta makaburini aya baada ya aya, haikuwepo.

Nilimkuta nje anapakia begi kwenye basi. Nikamuuliza aya yake ya mwisho ilisema nini.

Alifikiri kidogo. Nilimpa muda, sikuhesabu.

"Muulize mkasi," akasema, akapanda.